Madaraka ya ndani au uhuru kamili? Maswali ya kujiuliza kabla ya kupiga kura

Tarehe 30 Agosti 1999 wananchi wa Timor Mashariki walipewa karatasi ya kura yenye maswali mawili tu. La kwanza: unayakubali mamlaka maalumu ya ndani chini ya Jamhuri ya Indonesia? La pili: unayakataa, na kwa hiyo Timor Mashariki itengane na Indonesia? Foleni zilianza kabla jua halijachomoza. Zaidi ya asilimia 98 ya waliojiandikisha walijitokeza, na asilimia 78.5 wakayakataa yale mamlaka ya ndani. Matokeo yalipotangazwa, wanamgambo waliopinga kujitenga, wakisaidiwa na askari wa Indonesia, walichoma miji na kuua watu mpaka kikosi cha kimataifa kilipotua tarehe 20 Septemba. Uhuru wenyewe ulikuja tarehe 20 Mei 2002.

Mwishoni mwa mwaka 2019 watu wa Bougainville, visiwa vilivyo chini ya Papua New Guinea, waliulizwa swali la namna hiyohiyo: mnataka madaraka makubwa zaidi au uhuru? Asilimia 98 hivi wakasema uhuru. Katikati ya kura hizo mbili, Septemba 2014, Waskoti nao walikwenda vituoni, na asilimia 55 wakaamua kubaki ndani ya Uingereza.

Mjadala huu huzungumzwa kana kwamba unapima ujasiri: mwenye moyo mdogo huchagua madaraka, mwenye moyo mkubwa huchagua uhuru. Hapo ndipo wengi wanapopotezwa. Waskoti hawakuwa waoga, na Watimori hawakuwa wakaidi. Maswali yalikuwa yaleyale, majibu ndiyo yaliyotofautiana. Na swali linaloyatangulia yote, kwa maoni yangu, ni hili: yule anayekupa madaraka leo, anaweza kukunyang'anya kesho?

Tunazungumzia nini hasa

Kiswahili kina bahati hapa, maana maneno yote mawili tunayo na historia yake tunaijua. Kenya huadhimisha Madaraka tarehe 1 Juni, siku ilipoanza kujitawala ndani mwaka 1963, na uhuru ukafuata tarehe 12 Desemba mwaka huohuo. Tanganyika ilipata madaraka tarehe 1 Mei 1961 na uhuru tarehe 9 Desemba. Katika ile miezi sita au saba ya kungoja, mawaziri wengi walikuwa wenyeji na bunge lilikuwa la wenyeji, lakini jeshi na mambo ya nje yalikuwa bado mkononi mwa mkoloni.

Kwa nchi hizo madaraka yalikuwa ngazi ya mwisho kabla ya mlango. Katika mjadala tulio nao leo, madaraka hupendekezwa kuwa makao ya kudumu, na hilo hubadilisha hesabu yote.

Kwa ufupi, basi. Madaraka ya ndani ni eneo kuwa na bunge lake na serikali yake, likajiamulia mambo kama elimu, afya, lugha, ardhi na pengine kodi, huku serikali kuu ikibaki na jeshi, uraia, sarafu na mambo ya nje. Uhuru kamili ni kuchukua vyote hivyo, pamoja na mipaka ya kulinda, sehemu ya deni la taifa, balozi za kulipia, na wajibu wa kujibu mwenyewe mambo yakiharibika. Ugatuzi wa kawaida, kama ule wa kaunti 47 za Kenya tangu katiba ya 2010, ni jambo jingine: pale kila eneo hupewa mamlaka sawa ili huduma zisogee karibu na watu. Madaraka ya ndani ninayoyasema hutolewa kwa eneo fulani kwa sababu watu wake wana historia, lugha au makubaliano yao ya pekee na dola.

Nani ameshika kalamu ya kufutia?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo damu nyingi ilipomwagika.

Mwaka 1952 Eritrea iliunganishwa na Ethiopia kwa shirikisho, kufuatana na azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1950. Eritrea ilikuwa na katiba yake, bunge lake, bendera yake na lugha zake mbili rasmi, Kitigrinya na Kiarabu. Kwenye karatasi yalikuwa madaraka mazuri kabisa. Kisha yakaanza kumegwa kipande kwa kipande. Mwaka 1958 bendera ikateremshwa. Mwaka 1960 jina "Serikali ya Eritrea" likageuzwa kuwa "Utawala wa Eritrea", neno moja tu lililobadilishwa kwenye barua za serikali. Kiamhari kikachukua nafasi ya lugha za wenyeji. Tarehe 14 Novemba 1962 bunge la Asmara likaitwa, likasomewa tamko, na shirikisho likafa siku hiyohiyo. Bunduki zilikuwa zimeshaanza kulia mwaka mmoja kabla, na hazikunyamaza mpaka 1991. Waeritrea walipoulizwa kwa kura mwaka 1993, asilimia 99.8 walichagua uhuru. Nani angewalaumu? Madaraka walikuwa wameshayaonja, wakaona yalivyoishia.

Sudan inaumiza zaidi, kwa sababu Wasudani wa kusini walijaribu kujikinga. Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yalimaliza vita vya kwanza na kuipa kusini serikali yake mjini Juba. Sheria iliyoyabeba ilisema haiwezi kubadilishwa mpaka robo tatu ya wabunge wa taifa wakubali, na theluthi mbili ya wananchi wa kusini wakubali kwa kura ya maoni. Kufuli gani tena ungetaka? Kisha mafuta yakagunduliwa karibu na Bentiu, huko kusini. Khartoum ikaanza kutaka mipaka ichorwe upya, na kiwanda cha kusafishia mafuta kikapangiwa Kosti, kaskazini. Mwaka 1983 Rais Nimeiri akaivunja kusini vipande vitatu kwa amri yake. Robo tatu ya bunge haikuitwa, wananchi hawakuulizwa. Vita vya pili vikadumu hadi 2005, na inakadiriwa viliondoka na watu milioni mbili.

Kosovo ilikuwa na madaraka mapana ndani ya Yugoslavia kwa katiba ya 1974. Mwaka 1989 Milošević, kiongozi wa Serbia, akayafyeka. Miaka kumi baadaye ni vita, na mwaka 2008 Kosovo ikatangaza uhuru.

Ukiishia hapo utasema madaraka ya ndani ni danganya toto. Lakini geukia kaskazini mwa Ulaya. Visiwa vya Åland vina watu 30,000 hivi wanaozungumza Kiswidi ndani ya Ufini. Baada ya Ufini kujipatia uhuru mwaka 1917, wao walitaka kuhamia Uswidi. Mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa liliamua wabaki Ufini, ila kwa masharti: lugha yao ilindwe, ardhi yao ilindwe, na visiwa visitiwe jeshi. Hadi leo mtu asiye na haki ya ukaazi ya Åland hapigi kura ya bunge la visiwa wala hajinunulii ardhi hivihivi. Sheria ya madaraka yao haiguswi mpaka mabunge yote mawili, la Helsinki na la Åland, yakubali, kila moja kwa theluthi mbili. Imepita zaidi ya karne moja, na hakuna aliyekufa kwa ajili ya jambo hilo.

Au Tyrol Kusini, eneo la Italia lenye wasemaji wengi wa Kijerumani. Mkataba wa 1946 kati ya Italia na Austria uliahidi madaraka, utekelezaji ukasuasua, mabomu yakaanza kulipuka. Austria ikalifikisha suala hilo Umoja wa Mataifa mwaka 1960. Mwaka 1972 yakatolewa madaraka mapya, mapana kweli, na mwaka 1992 Austria ikatamka rasmi kwamba ugomvi umekwisha.

Sudan na Åland zote zilikuwa na kufuli la theluthi mbili. Tofauti iko nje ya karatasi. Åland na Tyrol Kusini zilikuwa na shahidi wa nje mwenye sababu zake za kuendelea kutazama: Uswidi kule, Austria huku. Zilikuwa pia chini ya dola ambazo, kwa muda mrefu, mahakama zake ziliweza kuiambia serikali kuu "hapa umekosea" na serikali ikatii. Juba haikuwa na shahidi wala mahakama ya namna hiyo. Asmara ilikuwa na shahidi, Umoja wa Mataifa wenyewe, lakini shahidi huyo hakufungua kinywa mwaka 1962. Kwa hiyo mtu akikuonyesha rasimu ya madaraka ya ndani, isome vizuri, kisha muulize: serikali kuu ikikiuka kifungu hiki, nitakwenda kushtaki wapi, na nani wa nje atapoteza kitu akikaa kimya? Akikosa jibu, rasimu hiyo bado haijaiva.

Kati ya hao wapo wenye hali ya katikati. Bunge la Uskoti lililofunguliwa mwaka 1999 ni tunda la sheria ya Bunge la London, na kinadharia London ilibaki na uwezo wa kutunga sheria juu ya lolote. Mwaka 2016 iliandikwa kwamba bunge hilo ni la kudumu na haliwezi kufutwa bila Waskoti wenyewe kupiga kura. Catalonia, jimbo la Hispania, ilipewa sheria mpya ya madaraka mwaka 2006, ikapitishwa na bunge la Madrid na kwa kura ya Wakatalani, kisha mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ikavikata vifungu 14, vingine vizima na vingine nusu. Wakatalani wengi ambao kabla ya hapo walitosheka na madaraka walianza siku hiyo kuzungumza uhuru.

Mfuko

Watu husema: uhuru wa kuombaomba ni uhuru gani? Ni swali halali, ila lipelekwe pande zote mbili, maana hata madaraka ya ndani yana mfuko wake.

Greenland ina madaraka ya ndani tangu 1979, yakapanuliwa mwaka 2009. Karibu nusu ya bajeti yake ya umma hutoka kwenye ruzuku ya Denmark. Sheria ya 2009 iliweka hesabu iliyo wazi: mapato ya madini yakivuka kroni milioni 75 kwa mwaka, nusu ya kinachozidi hukatwa kwenye ile ruzuku. Maana yake, kadiri Greenland inavyojitegemea ndivyo kamba inavyolegea, na kila mtu anajua inalegea kwa kiasi gani. Napenda uwazi wa namna hiyo. Hakuna anayemdanganya mwenzake.

Aceh, jimbo la Indonesia, nayo ilitoka vitani na serikali kuu kwa makubaliano ya Helsinki ya Agosti 2005, miezi michache baada ya tsunami kuua watu wengi mno pwani yake. Waasi waliacha dai la uhuru. Walipata asilimia 70 ya mapato ya mafuta na gesi, ruhusa ya kuwa na vyama vyao vya siasa, na mwaka 2006 aliyekuwa mwasi akachaguliwa gavana. Wabaski wa Hispania wanakusanya kodi zao wenyewe na kuipelekea Madrid fungu la huduma za taifa, jambo ambalo Catalonia iliomba mwaka 2012 ikanyimwa.

Puerto Rico ni onyo la upande huohuo. Ina gavana wake na bunge lake, lakini ilipozama kwenye deni la zaidi ya dola bilioni 70, mwaka 2016 Kongresi ya Marekani iliunda bodi ya watu saba ikaikabidhi bajeti ya kisiwa. Wananchi wa kisiwa hicho ni raia wa Marekani, ila hawapigi kura ya kumchagua rais aliyetia sahihi sheria hiyo. Madaraka yalikuwepo mpaka siku ya kulipa.

Sasa upande wa uhuru. Sudan Kusini ilizaliwa tarehe 9 Julai 2011 ikiwa na visima vya mafuta, lakini bomba la kuyafikisha baharini linapita Sudan hadi Port Sudan. Nchi hizo zikashindwa kukubaliana juu ya ada ya kupitisha mafuta: Khartoum ilidai hadi dola 36 kwa pipa, Juba ilikuwa tayari kutoa chini ya dola moja. Januari 2012 Juba ikafunga visima, na mafuta ndiyo yaliyokuwa karibu mapato yote ya serikali. Mwaka 2024 bomba likapasuka katikati ya vita vya Sudan na mafuta mengi yakakwama tena. Bendera ilihama, bomba lilibaki lilipokuwa. Anayedai uhuru wa eneo lisilo na bahari aanze na ramani ya barabara na mabomba kabla ya wimbo wa taifa.

Sarafu nayo isidharauliwe. Chekoslovakia iligawanyika kwa amani tarehe 1 Januari 1993, mali ikagawanywa kwa uwiano wa mbili kwa moja kufuata idadi ya watu. Walipanga kuendelea na sarafu moja kwa miezi kadhaa. Ilikufa tarehe 8 Februari, maana watu walikuwa wakihamisha akiba zao upande wanaoona una nguvu. Noti mpya hazikuwa tayari, kwa hiyo vikabandikwa vipande vya karatasi kama stempu kwenye noti za zamani ili ijulikane ipi ni ya Ucheki na ipi ya Slovakia. Hao waliachana wakielewana. Uskoti mwaka 2014 swali la pauni lilitikisa kampeni ya uhuru kuliko jingine lolote, na waliokosa jibu lake walilipia kwenye masanduku ya kura.

Mlango wa nje

Kati ya yote, hapa ndipo uhuru unapoonyesha ubora wake bila ubishi. Dola huru hutia sahihi mikataba, hufungua balozi, huketi Umoja wa Mataifa. Eneo lenye madaraka husubiri ruhusa.

Zanzibar ina rais wake, Baraza la Wawakilishi na bendera, lakini mambo ya nje ni mambo ya Muungano. Ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, suala hilo likazua mtikisiko mkubwa, na mwaka 1993 ikajiondoa. Kwenye mpira ikawa hivyohivyo: Machi 2017 Shirikisho la Soka Afrika likaipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, Julai likaufuta uanachama huo kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi huru. Miezi minne tu. Aliyeshuhudia furaha ya Machi na ukimya wa Julai haulizi tena kwa nini watu hujali alama.

Lakini tazama Visiwa vya Faroe, navyo vina madaraka tu chini ya Denmark tangu 1948: timu yao iko FIFA tangu 1988, na hawamo katika Umoja wa Ulaya ingawa Denmark imo. Greenland ilitoka Jumuiya ya Ulaya mwaka 1985 kwa kura ya wananchi wake, Denmark ikabaki. Kwa hiyo mlango wa nje unaweza kuachwa nusu wazi, iwapo serikali kuu haiogopi upepo.

Na kuna waliotangaza uhuru wakakuta mlango umefungwa kwa nje. Somaliland ilijitangazia uhuru Mei 1991. Ina sarafu, polisi, pasipoti, imefanya chaguzi ambazo wapinzani walishinda na kukabidhiwa nchi. Kwa zaidi ya miaka thelathini haikupata hata mwanachama mmoja wa Umoja wa Mataifa wa kuitambua. Kosovo inatambuliwa na nchi nyingi, lakini njia ya kiti cha Umoja wa Mataifa hupita Baraza la Usalama, na pale kura ya turufu ya mmoja inatosha. Barani Afrika kuna ukuta mwingine: azimio la Cairo la mwaka 1964 la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Eritrea na Sudan Kusini zilipita kwa sababu Addis Ababa na Khartoum zenyewe zilikubali kura ifanyike. Hilo liandikwe kwa wino mzito: karibu kila mara, ridhaa ya unayemwacha ndiyo tikiti.

Wakurdi wa Iraki walijaribu bila tikiti. Tarehe 25 Septemba 2017 zaidi ya asilimia 90 walipiga kura ya uhuru. Ndani ya siku chache Baghdad ikazuia ndege za kimataifa kutua Erbil na Sulaymaniyah, na tarehe 16 Oktoba jeshi likaichukua Kirkuk na visima vyake. Walianza mwaka wakiwa na madaraka yanayokaribia dola, wakaumaliza wakiwa na pungufu ya yale waliyoanza nayo. Wakatalani walipiga kura siku sita baada yao. Madrid ikaisimamisha serikali yao, na viongozi wao kadhaa wakahukumiwa vifungo mwaka 2019.

Wachache ndani ya wachache

Swali hili wanaharakati huliruka, na linaniuma kila ninapoona likirukwa. Kila eneo linalodai kujitawala lina watu wake wachache ndani yake, na hao wana haki ya kuuliza: mkishakuwa wakubwa, sisi tutakuwa nani?

Quebec, jimbo la Kanada la wasemaji wa Kifaransa, ilipokaribia kujitenga Oktoba 1995, Wakrii, wenyeji asilia wa kaskazini mwa jimbo hilo, walifanya kura yao wenyewe. Asilimia 96 walisema wao na ardhi yao watabaki Kanada. Hoja zote za Quebec dhidi ya Ottawa, Wakrii wangeweza kuzigeuza dhidi ya Quebec. Sudan Kusini ilipata uhuru kwa karibu asilimia 99, na miaka miwili na nusu baadaye, Desemba 2013, waliopigana upande mmoja wakageukiana. Na Eritrea, iliyotoa kila kitu kwa ajili ya uhuru, ilipitisha katiba mwaka 1997, haikuitekeleza, na haijafanya uchaguzi wa taifa.

Siyasemi haya kuwakejeli waliopigania. Nayasema kwa sababu uhuru humwondoa mtawala wa mbali, na haukupi kinga dhidi ya mtawala wa karibu. Katika madaraka ya ndani angalau pana mahakama ya juu zaidi ya kukimbilia, endapo ni mahakama kweli. Kwenye uhuru, kinga hiyo lazima uijenge wewe kabla ya siku ya bendera, na iwepo kwenye rasimu unayowaonyesha watu kabla hawajapiga kura.

Kati ya hayo mawili

Karatasi ya Timor ilikuwa na maswali mawili, lakini historia ina zaidi. Iceland ilipata madaraka ya ndani mwaka 1904, ikawa dola huru chini ya mfalme wa Denmark mwaka 1918, ikawa jamhuri mwaka 1944. Miaka 40, ngazi tatu, hakuna risasi kati yao na Denmark.

Visiwa vya Cook viko katika ushirika huru na New Zealand tangu 1965. Vinatunga sheria zake zote, na vinaweza kuondoka kwa uamuzi wao; wananchi wake ni raia wa New Zealand na wengi zaidi wanaishi kule kuliko nyumbani. Bei ya mpango huo ilionekana kati ya mwishoni mwa 2024 na mapema 2025, serikali yao ilipotaka pasipoti yake yenyewe. Wellington ikajibu kwamba pasipoti ya peke yenu ina maana ya kuuacha uraia wetu. Wazo likawekwa kando.

Kwangu, kifungu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusoma kwenye mjadala huu kimo katika sheria ya Greenland ya 2009: uamuzi wa kuwa huru ni wa watu wa Greenland. Mlango upo, umeandikwa, na anayeanza kuufungua ni aliye ndani, ingawa bunge la Denmark nalo lazima liridhie. Nadhani ndiyo maana hakuna anayeuvunja. Mahakama ya Juu ya Kanada ilifika karibu na hapo mwaka 1998 iliposema Quebec haina haki ya kujitenga kwa uamuzi wake peke yake, lakini wengi wakisema wazi, kwa swali lililo wazi, serikali kuu inalazimika kuketi na kujadiliana. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura nyingine bila London. Waskoti wana madaraka mengi, na bado wengi wao wanajiona wamefungiwa, kwa kukosa ufunguo huo mmoja.

Ningechaguaje

Dola uliyomo ikiwa na mahakama inayotiiwa, mapatano yenu yakiwa hayawezi kubadilishwa bila ninyi, mgao wa fedha ukiwa umeandikwa kwa tarakimu na si kwa ahadi, na mlango wa kutokea ukiwa umetajwa, ningechagua madaraka ya ndani bila kujiona nimepungukiwa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbachao nao uwe wako kweli.

Serikali kuu ikiwa tayari imeshatia sahihi mapatano na kuyachana, singewaambia watu wajaribu tena kwa maneno yaleyale. Wasudani wa kusini walikubali mwaka 2005 kujaribu kwa miaka sita zaidi, kwa sharti moja ambalo hawakulipata mwaka 1972: kura ya kuondoka, yenye tarehe. Hapo ningechagua uhuru, nikitafuta kwanza ridhaa ya ninayemwacha na njia ya kufikia bahari, na nikiandika haki za wachache wangu kabla ya kuchora bendera.

Wakati mgumu ni pale masharti yametimia nusu. Dola si dhalimu wala si mwaminifu, mahakama hutiiwa siku nyingine, ruzuku hufika ikiwa imechelewa. Hapo singeharakia kura ya uhuru wala singetosheka. Ningedai mambo mawili tu, kabla ya mengine yote: mahakama ya kushtakia na kifungu cha mlango. Serikali inayokataa hata hayo mawili imeshajibu swali la nani ameshika kalamu.

Bougainville waliyapata hayo kwa sehemu. Mapatano yao ya Agosti 2001 yaliyomaliza vita vilivyoanzia kwenye mgodi wa Panguna yaliwapa madaraka kwanza na kura baadaye, na kura ikafanyika kwa amani kama ilivyoahidiwa. Kilichokosekana ni neno moja: mapatano hayakuyafanya matokeo kuwa ya lazima, yaliyaacha yaamuliwe na bunge la Papua New Guinea. Viongozi wa Bougainville wametaja mwaka 2027 kuwa mwaka wao wa uhuru. Asilimia 98 yao bado imo ndani ya lile sanduku, inasubiri wabunge wa upande mwingine wanyooshe mikono.